Mwendee Mzee Ukiwa na Swali

Hotuba hii niliitoa kwa wahubiri, wainjilisti na wazee wa kanisa waliokutana Nyegezi, Mwanza. Ndugu wa visiwani waliozuiwa na upepo siku ile waliomba wapate maneno yote, nami nimeyaandika hapa kama yalivyosemwa.

Bwana Yesu asifiwe! Asifiwe tena! Mwangaluka!

Mchungaji mwenyeji wetu, wachungaji wenzangu, wainjilisti, wazee wa kanisa, mama zangu viongozi wa vikundi, nanyi vijana mnaohubiri mashuleni: nawashukuru kwa kuniita. Nimeombwa nizungumze juu ya vitabu vya ufafanuzi wa Biblia, vile ambavyo wengi wetu tulivizoea chuoni kwa jina la komentari. Tunavichaguaje? Tunavitumiaje tunapoandaa somo? Nitaanza na bibi mmoja wa Ukerewe.

Mnaikumbuka tarehe 20 Septemba 2018. Hakuna mtu wa ziwa hili asiyeikumbuka. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimeshakaribia Ukara, na zaidi ya watu 220 wakapoteza maisha. Miezi michache baadaye nikaalikwa kuhubiri katika kanisa moja huko Ukerewe. Nikachukua Marko 4, Yesu anaituliza dhoruba. Somo hilo nilikuwa nimelihubiri mara nyingi, nalijua kama njia ya kwenda kwangu. Nikahubiri kwa nguvu zote kwamba chombo alichomo Yesu hakizami. Nikawaambia, "Mgeukie jirani yako, mwambie: chombo chenye Yesu hakizami!" Wakasema. Wengine walisema kwa sauti ya chini mno, nami sikujiuliza kwa nini.

Ibada ilipokwisha, bibi mmoja akanishika mkono asiuachie. Akasema, "Mchungaji mwanangu, binti yangu alikuwa anaimba kwaya. Alikuwa kwenye kile kivuko. Unaniambia Yesu hakuwamo?"

Watumishi wa Mungu, ninyi mngemjibu nini?

Mimi sikuwa na jibu. Nililia naye, nikaomba naye, nikarudi Mwanza kimya. Usiku ule nikafungua Marko 4 kana kwamba sijawahi kuiona. Nikaisoma polepole, neno kwa neno. Nikafika mstari wa 36: "na vyombo vingine vilikuwako pamoja naye." Vyombo vingine! Miaka yote ile nilikuwa nauruka mstari huo. Dhoruba haikupiga chombo kimoja tu. Nikafika mwisho, nikaona habari yenyewe haiishii kwenye ahadi. Inaishia kwenye swali: "Ni nani huyu, basi, hata upepo na bahari humtii?"

Hapo ndipo nilipoinuka kwenda rafuni. Nilikuwa na vitabu vitatu vya ufafanuzi wa Injili ya Marko. Sikuvinunua usiku ule; nilikuwa navyo siku zote, vimekaa, vimeshika vumbi. Kimoja kikanipeleka Zaburi 107, kwa wale washukao baharini katika merikebu, ambako Bwana "huituliza dhoruba, ikawa shwari." Nikarudi kwa Marko: "kukawa shwari kuu." Shwari na shwari! Kingine kikaniuliza kama nimemkumbuka Yona, aliyelala ndani ya merikebu wakati bahari imechafuka. Vyote vitatu vilikubaliana kwamba Marko anatuonyesha huyu aliye chomboni ni nani: anafanya kazi ambayo Zaburi inasema ni kazi ya Mungu. Hakuna hata kimoja kilichosema kwamba Marko anaahidi vyombo vya waamini havitazama. Ahadi ile niliitunga mimi. Nilisimama mimbarani nikampa mama aliyefiwa neno ambalo Bwana hakulisema.

Ndiyo maana nimekubali kuja hapa leo. Kitabu cha ufafanuzi kinaweza kuonekana kama jambo la wasomi, jambo la watu wenye nafasi. Mimi nawaambia ni jambo la yule bibi. Ni jambo la watu wanaoketi mbele yenu kila Jumapili, wanaolibeba neno lenu mpaka nyumbani na kulalia juu yake.

Sasa, najua wapo kati yetu wanaosema, "Mimi nina Roho Mtakatifu, vitabu vya wanadamu vya nini?" Ndugu zangu, sina ugomvi na Roho Mtakatifu. Bila yeye tunapiga kelele tu. Lakini someni Nehemia 8. Walawi waliisoma torati kwa sauti ya kusikilika, kisha "wakaeleza maana yake, hata wakayafahamu yaliyosomwa." Kueleza maana ni kazi aliyoiweka Mungu mwenyewe. Na Paulo, mtume aliyepewa mafunuo, akiwa kifungoni anamwandikia Timotheo amletee joho, "na vile vitabu, hasa vile vya ngozi." Mtu anakaribia kufa, anaomba vitabu! Huyo Roho anayesema nawe leo Igoma au Buhongwa ndiye aliyesema na watu wengine miaka mingi kabla yako. Walioandika walichokisikia, je, tuwafunge midomo? Wahenga walisema penye wazee hapaharibiki neno. Kitabu cha ufafanuzi ni mzee aliyekaa na kifungu kile miaka ishirini, wewe utakaa nacho siku sita.

Lakini wazee nao wanatofautiana. Kwa hiyo tuzungumze juu ya kuchagua.

Miaka ya nyuma niliingia duka moja la vitabu hapa mjini. Nilikuwa najiandaa kufundisha Waraka wa kwanza wa Petro, na nilikuwa na fedha ya kitabu kimoja tu. Mezani vilikuwapo viwili. Kimoja kina jalada la kupendeza, kinang'aa, na picha ya mwandishi amevaa suti. Kingine kimechakaa pembeni, jalada halina hata picha. Ningechagua kipi? Nikakumbuka ushauri wa mwalimu wangu wa chuo: usikifungue kitabu kwenye aya nyepesi, kifungue kwenye aya ngumu. Nikafungua vyote viwili kwenye 1 Petro 3:19, pale Petro anaposema Kristo aliwaendea roho waliokaa kifungoni, akawahubiri. Ni nani hao roho? Aliwahubiri lini? Aliwaambia nini? Kanisa limeumiza kichwa juu ya aya hiyo tangu zamani.

Kile cha jalada zuri kilieleza mstari wa 18 vizuri kabisa, kwa maneno matamu. Kisha kikahamia mstari wa 21, habari ya ubatizo. Kilipita kana kwamba hapakuwa na kitu katikati! Kile kilichochakaa kilikuwa na kurasa nne juu ya mstari ule mmoja. Kikasema: wapo wanaosema hivi, na hoja zao ni hizi; wapo wanaosema vile, na hoja zao ni hizi; mimi naelekea huku, kwa sababu hizi, ingawa jambo lenyewe ni gumu. Nikanunua kilichochakaa. Ninacho hadi leo.

Sisi wa Mwanza tunayajua mawe. Nyumba zetu zimepanda milima ya mawe kila upande, na fundi wa Mwanza anajua namna ya kukaa na jiwe. Akikuta jiwe kwenye kiwanja halikimbii, anauliza limekaaje, msingi upite wapi. Tafuteni mfafanuzi wa namna hiyo. Nawaomba sana, msinunue kitabu kabla hamjakipima kwa aya ngumu. Kama unahubiri Waebrania, nenda sura ya 6, mstari wa 4 hadi wa 6. Kama ni Yakobo, nenda 2:24. Kama ni Mwanzo, fungua mwanzo wa sura ya 6, wana wa Mungu na binti za wanadamu. Anayekueleza mawazo ya wale asiokubaliana nao kwa haki, bila kuwadhihaki, huyo utamwamini hata pale anaposema jambo usilolijua.

Jambo lingine: mjue anayesema nawe ni nani, na alisema lini. Wengi wenu mna Matthew Henry kwenye simu. Ni kitabu cha zamani, hakina tena haki za kumlipa mtu, ndiyo maana kinapatikana bure kwenye programu nyingi za Biblia. Nampenda Matthew Henry. Alikuwa mchungaji Uingereza, alizaliwa mwaka 1662, na anajua kulisha moyo. Lakini je, mnajua kwamba alifariki mwaka 1714 akiwa amefika Matendo ya Mitume? Kuanzia Warumi hadi Ufunuo, kazi ilimaliziwa na wachungaji wengine. Basi unaposimama na kusema, "Matthew Henry anasema juu ya Warumi 8," unayemnukuu ni mtu mwingine. Hilo halikifanyi kitabu kuwa kibaya. Linakufundisha kusoma dibaji! Soma kurasa za mwanzo, zile tunazozipita haraka. Humo mwandishi anakuambia alikuwa nani, wa kanisa gani, aliandika kwa ajili ya nani.

Na mwaka una maana. Mwaka 1947 zilianza kupatikana zile nyaraka za ngozi kwenye mapango karibu na Bahari ya Chumvi, na ndani yake mlikuwamo chuo kizima, yaani gombo, cha Isaya, kikongwe kwa miaka kama 1,000 kuliko nakala za Kiebrania ambazo wasomi walikuwa wakizitegemea. Mfafanuzi wa Isaya aliyeandika kabla ya hapo hakuyajua hayo, na hana kosa. Kwa mambo ya moyo, ya toba, ya sala, mzee wa miaka 300 anaweza kukushinda wewe na mimi. Kwa mambo ya historia, miji, fedha na nakala za kale, tafuta pia mtu wa karibuni.

Mtaniuliza, "Mchungaji, tuanze na kipi?" Kwa asiye na kitu kabisa, nashauri kimoja kinachopitia Biblia nzima, ili usikose msaada popote. Upo ule wa Waafrika wenyewe, Africa Bible Commentary, uliotoka mwaka 2006 chini ya uhariri wa Tokunboh Adeyemo wa Nigeria. Waliouandika ni wasomi 70 wa bara hili. Humo utakuta pia makala juu ya mambo yanayotubana, kama uchawi na UKIMWI, ambayo mwandishi wa Ulaya angeyapita. Upungufu wake ni upungufu wa kila kitabu cha namna hiyo: Biblia nzima ndani ya jalada moja, kwa hiyo kila aya inapata maneno machache. Ukiwa na swali zito, kitakuacha njiani.

Baada ya hapo, nunua kwa kitabu unachohubiri. Msikimbilie seti! Nimeona mchungaji amejinyima mwaka mzima anunue seti yenye majalada mengi, na nusu yake hajaifungua mpaka leo. Unahubiri Ruthu miezi miwili ijayo? Tafuta kitabu kimoja kizuri cha Ruthu. Ukimaliza Ruthu, kitabu hicho utakijua kama unavyomjua rafiki.

Na fedha? Hapa nataka kina baba mwige kina mama. Kina mama wanacheza mchezo: kila mmoja anatoa kidogo, mwezi huu anapata huyu, mwezi ujao yule. Wainjilisti watano wa jirani hawawezi kucheza mchezo wa vitabu? Kila miezi mitatu kinanunuliwa kimoja, cha Marko, cha Warumi, cha Zaburi, kinazunguka, mwisho kinaingia kwenye sanduku la kanisa. Nimeuona mpango huo ukifanya kazi ng'ambo ya Kamanga, kwa watu ambao hakuna hata mmoja wao mwenye mshahara. Na kwa ambao Kiingereza ni kigumu, sikilizeni: kitabu kimoja cha Kiswahili unachokielewa ni bora kuliko kumi vya Kiingereza unavyovikisia. Kukisia ni hatari kuliko kutosoma. Pale ambapo cha Kiswahili hakuna, ketini wawili, mwalimu wa sekondari wa kanisani kwenu asome, ninyi mjadiliane. Kuuliza si ujinga.

Sasa nifike mahali ambapo moyo wangu upo. Kutumia.

Watumishi, mnakifungua kitabu cha ufafanuzi lini? Msinijibu, jijibuni moyoni. Jumamosi usiku? Simu mkononi, chaji asilimia kumi, unatafuta "mahubiri ya Luka 5"? Tukifanya hivyo, mwandishi wa kitabu ndiye anahubiri kanisani kwetu, sisi tumekuwa spika zake. Naye hamjui mama fulani aliyefiwa, hajui mwalo wenu umefungwa mwezi mzima na watoto hawana ada.

Mimi nafanya hivi. Jumatatu nasoma kifungu, mara kumi, kwa sauti, katika Biblia ya mwaka 1952 na katika tafsiri nyingine ya Kiswahili, na walio na Biblia ya Kisukuma waisome hiyo pia, maana lugha ya mama inasikia visivyosikika kwingine. Jumanne na Jumatano nina daftari. Naandika maswali. Siandiki majibu, naandika maswali tu! Kwa nini Yesu alikuwa amelala? Kwa nini Marko ametaja vyombo vingine? Walikuwa wanavuka kwenda wapi? Alhamisi, ndipo namwendea mzee. Namwendea nikiwa na swali. Ukimwendea mzee huna swali, atakusimulia anachotaka yeye. Ukiwa na swali, utamsikiliza kwa masikio mengine, tena utajua pale asipokujibu.

Tuchukue mfano wa ziwa. Sisi tukisoma "tuvuke mpaka ng'ambo," tunaona nini? Tunaona maji yetu haya. Unapanda meli jioni hapa Mwanza, unaamkia Bukoba. Lakini kitabu cha ufafanuzi kitakuambia Ziwa la Galilaya lina urefu wa kilomita 21 hivi na upana wa kilomita 13. Eneo lake lote ni kilomita za mraba kama 166. Ziwa letu lina kama 68,800! Kisiwa cha Ukerewe peke yake kina kama 530. Galilaya tatu ungeziweka juu ya Ukerewe na nafasi ikabaki. Basi unauliza: dhoruba kubwa namna ile imetoka wapi kwenye maji madogo hivyo? Kitabu kinajibu: ziwa lile liko chini ya usawa wa bahari kwa mita zaidi ya 200, limezungukwa na milima, na upepo hushuka ghafla kama unavyomwagwa. Safari yenyewe ni fupi, ng'ambo wanaiona, walitazamia kufika, na katikati hapo ndipo wanafunzi ambao ni wavuvi wa kuzaliwa wanaogopa kufa. Mmeona? Sasa maneno yao yana uzito mwingine.

Hapo kitabu kimetufundisha. Lakini ipo siku mvuvi alimfundisha mwenye kitabu. Nilikuwa nafundisha Luka 5 kwa wavuvi wa dagaa, upande wa Igombe. Nikawaeleza niliyosoma, kwamba Petro na wenzake walivua usiku kwa sababu nyavu za kitani zilionekana na samaki mchana. Wakaniangalia kwa huruma. Wao wanaingia ziwani usiku wa giza, na taa zao. Hilo halikuwa jipya kwao. Kisha mzee mmoja akasema, "Mchungaji, wewe umepita haraka. Imeandikwa walikuwa wanaosha nyavu. Mtu akiosha nyavu, kazi imekwisha. Yuko na usingizi, ana njaa, hana kitu cha kupeleka nyumbani. Ukimwambia azishushe tena, umemwambia aoshe mara mbili. Petro kusema 'kwa neno lako nitazishusha nyavu,' hilo ni neno kubwa."

Hakuna kitabu nilichonacho kilichonipa hilo. Mnaketi na watu ambao mikono yao imeshika kazi ile ile aliyoishika Petro. Msiwapite kwenda kwa mwandishi aliyemwona samaki kwenye sahani!

Na lugha yetu nayo msiidharau. Fungueni Luka 22:31. Yesu anamwambia Simoni: Shetani "amewataka ninyi," lakini "nimekuombea wewe." Ninyi, kisha wewe. Mwandishi wa Kiingereza anatumia aya nzima kuwaeleza wasomaji wake kwamba pale mwanzo wanaambiwa wengi, kisha mmoja, maana Kiingereza chao cha leo kina neno moja kwa yote mawili. Mtoto wa shule ya Jumapili wa Nyakato analisikia hilo bila kuambiwa. Vivyo hivyo "ninyi mmekuwa hekalu la Mungu": ninyi, kanisa zima.

Lakini pia ipo mahali Kiswahili kinafunika, na hapo wengi tumejikwaa. Yohana 21, "wanipenda?" mara tatu. Mmesikia mahubiri ya maneno mawili ya Kigiriki, agapao na fileo: kwamba Yesu aliuliza kwa upendo wa juu, Petro akajibu kwa upendo wa chini, mara ya tatu Yesu akashuka. Mahubiri hayo yanasisimua. Nami nilikuwa nimeyaandaa, kurasa sita, kutoka kwenye kitabu kimoja. Jumamosi alasiri nikafungua cha pili. Kikaniambia: kabla hujajenga hapo, nenda Yohana 3:35, "Baba ampenda Mwana," neno ni agapao. Kisha nenda Yohana 5:20, Baba ampenda Mwana, neno ni fileo. Baba yule yule, Mwana yule yule, mwandishi yule yule! Je, Baba alimpenda Mwana kwa upendo wa chini kwenye sura ya 5?

Wapo wafafanuzi wazuri wanaoendelea kuona tofauti. Wengi wanaona Yohana anabadilisha maneno tu, kama tusemavyo "kuzungumza" na "kuongea." Mimi sikuthubutu tena kujenga nyumba pale. Nikachana kurasa zile. Nikarudi kwenye kifungu, nikiwa na saa chache, nikaona kitu ambacho kilikuwa kwa Kiswahili wazi muda wote: "moto wa makaa." Yohana 21:9, Yesu amewasha moto wa makaa, samaki juu yake. Na Petro alimkana Bwana akiwa anaota moto gani? Yohana 18:18: moto wa makaa. Kitabu cha pili kikanithibitishia kwamba neno hilo la Kigiriki, katika Agano Jipya lote, liko mahali hapo pawili tu. Petro anapanda kutoka majini, nguo zinachuruzika, na harufu ya makaa inamfikia kabla ya neno lolote. Kisha anaulizwa mara tatu. Nani hapa hajui harufu ya samaki juu ya makaa asubuhi? Kesho yake nilihubiri hilo, bila neno hata moja la Kigiriki, na wazee walilia.

Torati ilisema neno lithibitike kwa vinywa vya mashahidi wawili au watatu. Kama tunatafuta mashahidi wawili kwa kesi ya mbuzi, tusiwatafute kwa Neno la Mungu? Na watu wa Beroya walipomsikia Paulo mwenyewe, waliyachunguza maandiko kila siku waone kama ndivyo yalivyo. Mkimpima Paulo, hamtamwogopa mwenye komentari.

Na mkishapata, msiubebe moshi wa jikoni kwenda nao mezani. Mgeni analetewa ugali na samaki. Haletewi mwiko wala kuni. Washirika hawahitaji kujua umesoma vitabu vinne. Ukitumia wazo la mtu, sema kwa kifupi, "mfafanuzi mmoja amesema," usiliibe. Inatosha.

Nilirudi Ukerewe. Ilinichukua wiki tatu kupata ujasiri. Nilimwomba bibi yule msamaha, kisha nikamwomba tusome pamoja, chini ya mwembe wake, Marko 4 kutoka mstari wa 35. Nilimweleza Zaburi 107. Nilimweleza vile vyombo vingine. Alinisikiliza kwa heshima. Tulipofika mstari wa 38, akaniambia nirudie. Nikarudia: "Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?" Akasema, "Rudia tena." Nikarudia. Akakaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Kumbe na wao walimwuliza. Na hakuwatupa majini."

Nilikuwa nimesoma vitabu vitatu juu ya mstari ule.

Basi, ndugu zangu, sasa tunakwenda kwenye kazi. Kila mmoja achukue daftari. Fungueni Marko 4:35 hadi 41. Someni wenyewe, kwa sauti, kila mtu na mwenzake, mvuvi na mchungaji pamoja. Kila wawili waandike maswali matano. Vitabu vya ufafanuzi vipo kwenye sanduku lile karibu na mlango, ni kumi na viwili, na mtavitumia vyote. Nimelifunga. Ufunguo ninao hapa, nitalifungua saa tano, baada ya chai.